Butembo-Beni: Kukimbia vita si kukimbia imani

Kuna neno ambalo linawaumiza wakimbizi wa ndani walioko Butembo na Beni. Linasikika kwenye vyumba vya maombi, na wakati mwingine hata kwenye foleni ya maji: mwenye imani ya kweli hakimbii, anabaki na Mungu anamlinda. Anayelisema pengine anataka kutia moyo. Lakini mama aliyetoka Eringeti au Mbau na watoto wanne, bila hata sufuria, analisikia kama hukumu.

Neno hilo si la kweli, na inafaa makanisa yaliseme wazi.

Mauaji ya raia katika wilaya ya Beni yanaendelea tangu mwezi wa kumi mwaka 2014. Waliouawa ni pamoja na wakatekista, waimbaji na wazee wa kanisa. Tarehe 15 Januari 2023, siku ya Jumapili, bomu lililipuka Kasindi, karibu na mpaka wa Uganda, ndani ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, waumini wakiwa katika ibada. Watu zaidi ya kumi walikufa. Nani atasema kwamba wale walikosa imani? Walikuwa wanasali. Hatari haipimi imani ya mtu, na usalama pia haupimi.

Maandiko yenyewe yanajua kukimbia. Yesu alikuwa mtoto mdogo wakati wazazi wake walipotoka naye usiku kwenda Misri. Paulo alishushwa ndani ya kapu kwenye ukuta wa Dameski, akaondoka gizani. Kazi yake haikuishia kwenye kapu lile.

Na hapa kwetu kuna mfano ambao wazee wengi wanaukumbuka. Askofu Emmanuel Kataliko aliongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia mwaka 1966, kisha mwaka 1997 akatumwa Bukavu kuwa askofu mkuu. Noeli ya mwaka 1999 alitoa ujumbe uliokemea uporaji na mateso ya raia chini ya utawala wa vita. Mwezi wa pili mwaka 2000, waasi wa RCD waliokuwa wakitawala Bukavu walimzuia kurudi huko, wakamleta Butembo kwa nguvu. Alikaa hapa miezi saba. Alirudi Bukavu mwezi wa tisa, na tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akafariki Roma.

Ni kweli, yeye alikuwa kati ya watu wake, hakulala chini ya shitingi. Lakini alitengwa na kundi lake bila kupenda. Katika miezi ile hakukana neno alilolisema, na hakuacha kuwa mchungaji wa Bukavu. Aliwaandikia waumini wake kutoka Butembo. Walimhamisha mwili, ahadi yake hawakuweza kuihamisha.

Hapo ndipo maana ya saburi inapoonekana. Kudumu katika imani ni kushika ahadi uliyowapa Mungu na watu, popote miguu ilipokufikisha. Mume aliyekimbia na mke wake anashika ahadi akimheshimu hata ndani ya chumba cha kuazima. Kijana anashika ahadi akikataa kuingia katika kundi la silaha kwa sababu ya kisasi.

Na ahadi hiyo haiwahusu waliokimbia peke yao. Anayebaki na kuvuna kakao ya jirani aliyekimbia, halafu Jumapili akatoa sadaka kutoka pesa hizo, ameacha imani bila kutoka kijijini. Kamwachie jirani mavuno yake, au umtunzie pesa yake mpaka arudi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakimbizi wengi wangelipokea jembe hilo kwa furaha, na wengi wanalima kwa siku mashamba ya wengine. Lakini shamba lao liko mbali, mahali ambapo risasi zinalia. Familia nyingi za Butembo, Beni na Oicha zimefungua milango. Juma la kwanza, sombe na maharage vinagawanywa kwa furaha. Mwezi wa tatu, manung'uniko yanaanza juu ya maji, makala na kodi ya nyumba. Uaminifu wa mwenyeji unapimwa mwezi huo wa tatu, na hapo jumuiya ya kanisa isimwachie familia moja mzigo peke yake. Kila nyumba ikileta kidogo, hata debe moja la unga, mwenyeji anapata nguvu.

Makanisa nayo yana kazi. Aliyeanza mafundisho ya ubatizo kijijini asirudishwe mwanzo kwa sababu kadi yake iliungua. Aliyekimbia bila kitu asihesabiwe deni la michango. Na mtu asilazimishwe kurudi kijijini kwa neno la unabii wakati barabara bado inaua.

Tena saburi isitumiwe kuwafunga watu midomo. Serikali ilitangaza hali ya dharura ya kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri mwezi wa tano mwaka 2021, na raia wamezikwa tangu hapo. Kudai ulinzi si kukosa uvumilivu. Kataliko alivumilia, na alisema.

Kwa familia zilizokimbia, zilizoko Oicha, Beni, Butembo au Lubero: hamkumwacha Mungu siku mlipofunga mizigo. Mliokoa watoto ambao yeye aliwapa. Salini mlipo, shikeni mliyoahidi, na wakati mtu atawaambia kwamba mwenye imani hakimbii, mkumbusheni safari ya Misri.