Usiache mbachao kabla ya kuusoma msala

Majuzi nilialikwa katika chumba cha kompyuta cha vijana huko Kongo, Kawangware, kuzungumza juu ya sarufi. Sarufi haikufundishwa siku hiyo. Intaneti ilikuwa imekatika tangu asubuhi, na watahiniwa waliofika kutafuta karatasi za mitihani iliyopita walikaa wakitazamana. Fundi, kijana mwenye bidii, alijitetea: "Mwalimu, mimi nilikubali tu kila nilichoulizwa."

Kosa lilikuwa papo hapo. Usiku uliotangulia alikuwa amepandisha matoleo ya programu za seva, inayotumia Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Katikati ya kazi, mashine ilimuuliza kwa Kiingereza juu ya faili ya mipangilio ya Squid, programu inayozipitishia kompyuta nyingine intaneti na kuhifadhi kurasa ili kupunguza gharama. Je, achukue faili mpya ya watengenezaji, au abaki na yake? Akabonyeza Y. Faili iliyoandikwa kwa mahitaji ya chumba kile ikawekwa kando, ikashika nafasi yake faili ngeni ambayo huiruhusu seva yenyewe tu na kuwafungia wengine mlango.

Swali hilo halizuki ovyo. Huulizwa pale ambapo pande mbili zimeibadilisha faili ile ile: mwenye mashine na watengenezaji. Usipochagua chochote, ukabonyeza Enter tu, mfumo hukuachia faili yako.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kubonyeza N daima, kwani wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Sikubaliani nao. Debian 8 ilipotolewa mwaka 2015, mipangilio mipya ya OpenSSH, programu ya kuingilia seva kutoka mbali, ilimkataza msimamizi mkuu kuingia kwa nywila. Aliyeng'ang'ania faili yake ya zamani bila kuitazama huenda aliuacha mlango huo wazi kwa wezi.

Jibu la busara ni herufi ya tatu, ambayo aghalabu hupuuzwa: D. Hiyo huonyesha tofauti za faili hizo mbili, mstari kwa mstari. Hata aliyekosea hajapotea. Ukichagua Y, faili yako huhifadhiwa kwa jina lenye kiishio .dpkg-old, ukichagua N, ile mpya huhifadhiwa kwa kiishio.dpkg-dist. Sisi tuliitafuta ya zamani, tukailinganisha na mpya, tukainakili mistari yetu michache katika faili ya peke yake ndani ya folda ya conf.d, ili watengenezaji wakibadilisha yao tena zisigongane. Tukaikagua kwa amri ya squid -k parse, kisha tukaiwasha upya. Intaneti ikarejea.

Sisi wanaisimu tunakijua kisa hiki. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo ulitupa vitabu vya pamoja, nami siupingi. Lakini wapo walimu walioufasiri kuwa amri ya kufuta, wakayapiga kalamu nyekundu maneno halali ya Kimvita na Kiamu bila kuuliza yalibeba nini. Hao walibonyeza Y. Na yule anayekataa kila istilahi mpya kwa sababu babu yake hakuitumia, huyo amebonyeza N. Wote wawili wamejibu bila kusoma.

Ndiposa nawasihi walimu wenzangu: tusiwafundishe wanafunzi majibu ya kukariri, tuwafundishe kusoma swali. Na swali hilo tuwafasirie kwa Kiswahili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004. Hivyo asituambie mtu kwamba lugha hii haiwezi. Fundi wa Kongo hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba anaruhusiwa kusita.