ZANA ZA SEREMALA MNADANI: NUNUA RAHISI, LAKINI USINUNUE MACHOZI YA MTU



Ndugu zangu, vijana wa useremala hapa Irente na Lushoto mjini huniuliza sana: "Shehe, randa ya mnadani inauzwa nusu ya bei ya dukani. Ninunue?" Swali ni zuri, na jibu lake lina pande mbili. Naomba msome mpaka mwisho.

Mnada wenyewe ni halali. Abu Daud amepokea kwa Anas bin Malik (r.a) kwamba Mwansari mmoja alikuja kuomba kwa Mtume (s.a.w). Akaulizwa nyumbani kwake kuna nini. Kulikuwa na nguo nzito ya kujifunika na kutandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume akavinadi mbele ya watu. Mmoja akataja dirhamu 1, Mtume akauliza nani anaongeza, mwingine akatoa 2. Dirhamu moja ikanunua chakula cha familia. Ya pili ikanunua shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akakate kuni na kuuza, asimwone kwa siku 15. Yule bwana alirudi na dirhamu 10. Wapo wanazuoni waliozungumzia udhaifu wa sanadi yake, lakini Tirmidhi, aliyeipokea kwa ufupi, ameihesabu kuwa hasan.

Sasa tazama mnada ule ulifanya nini. Uliuza nguo ukanunua zana. Minada yetu mingi leo inafanya kinyume: inauza zana ya fundi ili deni lilipwe, na mara nyingi deni lenyewe ni la riba. Hapo ndipo penye mazungumzo yangu.

Kwanza niseme na mnunuzi. Kutafuta bei nafuu si aibu, ni akili. Milima yetu ina mbao, na kijana aliyetoka veta bila mtaji hawezi kungoja mpaka apate zana mpya. Randa ya zamani ya chuma, ikitunzwa, humtumikia baba na mwana. Lakini uende mapema uikague kabla dalali hajapaza sauti. Igeuze juu chini uangalie ufa, maana chuma cha kusubu kikipasuka si rahisi kuungika kikatengemaa. Tazama kisu chake kimebaki urefu gani. Msumeno uweke usawa wa jicho uone kama umepinda. Patasi yenye kutu ya juujuu isikutishe, mafuta ya taa na msasa vinaitoa, ila kutu iliyochimba mashimo karibu na makali iache. Mashine ya umeme omba iwashwe, unuse kama ina harufu ya kuungua. Kisha jiwekee bei yako ya mwisho moyoni, ukifika hapo nyamaza. Mnada una joto lake, na wengi wamelipa bei ya kipya kwa kitu kikuukuu kwa sababu ya ubishi tu.

Pili, usafi wa mnada. Mtume (s.a.w) amekataza najshi, yaani kupandisha bei bila nia ya kununua ili mwenzako anaswe. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Dalali anayepanga watu wake kwenye umati ajue anakula nini. Na nyie mafundi mnaokubaliana pembeni kwamba asiongeze mtu, kitu kiende kwa bei ya kutupa, kisha mgawane, mnamdhulumu mwenye mali ambaye hayupo kujitetea. Tena kitu kikija bila maelezo ya kilikotoka, uliza. Bei ndogo mno kwa msumeno wa mnyororo huenda ni bei ya wizi.

Tatu, na hili ndilo zito. Zana ya fundi ni mkono wake. Ukiuza kabati lake, atatengeneza lingine. Ukiuza randa, msumeno na patasi zake, deni linalobaki atalilipa na nini? Sura ya 2, aya ya 280, inatuamrisha kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki. Wanazuoni wa Kihanbali walisema aliyefilisika aachiwe zana za kazi yake. Hata sheria ya nchi yetu ya mwenendo wa mashauri ya madai, Sura ya 33, imezitoa zana za fundi katika mali zinazokamatwa kutekeleza hukumu ya deni. Lakini mikopo ya kausha damu haipiti mahakamani. Fundi anaandika zana zake kuwa dhamana kwa mkono wake mwenyewe, na wiki ya tatu zinabebwa.

Rai yangu ni hii. Ukikuta zana za jirani yako zinanadiwa kihalali, nunua kama unahitaji, dhambi huna. Lakini mwendee umwambie: "Ndugu yangu, randa yako ninayo. Ukipata bei niliyotoa, njoo uichukue." Usiongeze hata shilingi. Hiyo ndiyo tofauti ya mnunuzi na tai.

Na sisi wa misikitini tuna wajibu. Imamu Nawawi ameeleza katika madhehebu yetu ya Shafi kwamba maskini mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia zana za kazi yake. Badala ya kumgawia kila mtu elfu mbili mbili zinazoisha jioni, kamati ya msikiti iende mnadani na fundi mzee anayejua vyuma, inunue seti moja, imkabidhi kijana mmoja mwenye haki ya zaka. Mwakani, inshaallah, atakuwa anatoa yeye.

Nabii Zakaria (a.s) alikuwa seremala. Kazi hii ina heshima, basi tusiivunje kwa nyundo ya dalali.

Allah atupe riziki ya halali na awafungulie wenye madeni. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.