KIBARUA WA MSIMU NAYE ANA MIGUU



Kaskazi ikianza kuvuma na jua likikausha mabwawa, vijana hupanga foleni kwenye malango ya mashamba ya chumvi, toka Gongoni mpaka Marereni na Kurawa. Wengine wametoka shule juzi. Wengine wameteremka kutoka bara ya Magarini, mahindi yamekauka na nyumbani hapana kitu. Nyapara hunyosha kidole: wewe, wewe na wewe. Saa ile ile kijana hutiwa pauro mkononi akaambiwa, "Haya, ingia!"

Twauliza: amefundishwa na nani?

Mwenye kiwanda hujibu kwamba huyo ni mtu wa msimu tu, baada ya miezi michache ataondoka. Jibu hilo ndilo tunalolipinga. Chumvi haijui nani wa mwezi na nani wa kutwa. Ukoko wake ukivunjwa hukata kama chupa, na yale maji yaliyokolea yakiingia katika kidonda, kidonda hakiponi maadamu mtu anarudi bwawani kila siku. Jua likipiga juu ya weupe ule macho huwaka. Trekta likirudi nyuma, dereva hamwoni aliyeinama nyuma ya trela. Sisi wakongwe twayajua haya, na twajua pa kusimama. Mgeni hajui hata moja.

Mimi nilianza kazi hii na champali miguuni. Siku ya tatu kisigino kilipasuka, na siku ya nne sikuweza kukanyaga. Nyapara akaandika jina la mtu mwingine mahali pangu, basi, yakaisha. Lakini linaloniuma mpaka leo si la nyapara. Wazee wa kazi waliniona nikiingia na champali, wakacheka. Walijua yatakayonipata wasiseme neno. Ndugu, hapo hatuwezi kumsingizia tajiri. Hiyo ni aibu yetu wenyewe, na kila msimu twairudia tukiita ni mzaha.

Malalamiko ya mashamba haya si mageni. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuja Magarini mwaka 2005 kuwasikiliza watu wa chumvi, na ripoti yake ikatoka 2006. Mwaka 2007 ikapitishwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Inamtaka mwenye kazi awape watu maelezo, mafunzo na usimamizi. Inamtaka atoe vifaa vya kujikinga, wala haimruhusu kukata ujira kwa ajili yake. Basi kontrakta anayegawa gambuti kisha akazikata katika malipo ya Jumamosi anavunja sheria mchana kweupe. Penye watu 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wana viti humo. Je, kamati ya kwenu ilikutana lini?

Na hilo neno "kibarua" wanaloling'ang'ania, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, imelipunguza nguvu: mtu akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, huhesabiwa kuwa mtu wa mwezi.

Twadai hivi: mtu mpya asiingie bwawani, wala asikaribie pampu au trekta, mpaka amekaa siku nzima na mkongwe wa kumwonyesha, na siku hiyo wote wawili walipwe sawasawa. Wakisema hasara, waulizwe mguu wa kijana ni bei gani.

Wajumbe wa Chama watakuwa malangoni saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kwanza ya kuandikisha. Kila mwanachama ashike mgeni mmoja. Na atakayeumia, mwenye kazi aarifiwe kabla ya saa 24 kupita, nasi tuandike jina, tarehe na saa siku ile ile, kabla kijana hajapelekwa kwao na nauli tu mfukoni.