Tuwaulize Wapiganaji Wetu Wangali Hai



Vita vya Kagera vilipomalizika mwaka 1979, vijana waliokuwa wamevuka Mutukula na bunduki begani walirudi nyumbani. Wengine walibaki jeshini, wengine wakashika jembe, wengine wakarudi kwenye usukani wa lori. Wengi wao hadi leo hawajaulizwa swali hata moja na mtu mwenye kalamu mkononi. Naandika kukuomba tuwaulize, na tuanze sasa.

Mimi ni msomaji wa vitabu vya vita. Kila ninapovisoma huangalia kwanza ni nani anayesema, na mara nyingi anayesema ni mkubwa. Chukua Vita Kuu ya Kwanza katika nchi zetu. Paul von Lettow-Vorbeck aliongoza jeshi la Wajerumani huku tangu 1914 hadi alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kufika 1920 kumbukumbu zake zilikwisha kuchapishwa, na ulimwengu ukamjua kama jemadari asiyeshindwa. Askari Waafrika ndio waliokuwa wengi katika jeshi hilo. Nyuma yao walikuwapo wapagazi, na upande wa Waingereza vilevile: watu waliotwishwa unga, risasi na vipande vya mizinga, wakafa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Geoffrey Hodges alipowatafuta wapagazi wa Kenya waliokuwa wamesalia ili awasikilize, karibu nusu karne ilikuwa imepita. Aliowakuta walikuwa vikongwe, na waliokwisha kuzikwa walikuwa wengi zaidi. Pale katikati ya Dar es Salaam Sanamu ya Askari imesimama tangu 1927, imeinua bunduki yake, na haina jina la mtu.

Basi anayeandika vita ndiye anayeamua nani alikuwa shujaa, nani alikuwa mzigo na nani hakuwapo kabisa. Huo ni utawala kamili, na hudumu muda mrefu kuliko cheo.

Lakini sisi hatukuanza jana kuandika vita kwa lugha yetu. Utenzi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, ni utenzi wa vita. Wajerumani walipoivamia pwani na Abushiri akawapinga, mpaka wakamnyonga Pangani Desemba 1889, Hemedi bin Abdallah aliyaweka mambo hayo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akafanya hivyo kwa vita vya Maji Maji. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya pili vya dunia, utenzi mrefu uliochapishwa 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Watunzi hawa hawakungoja idhini ya jemadari. Waliona au walisikia, wakaandika, na leo mwanahistoria anayetaka kujua watu wa Mrima walivyouona ujio wa Mjerumani hana budi kupitia kwa Hemedi.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi kwa sababu uliwahusu vijana wa kawaida kabisa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini, maeneo yaliyopiganiwa 1905 hadi 1907, kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Maji Maji. Miongoni mwa walimu wao walikuwamo akina John Iliffe, na Gilbert Gwassa alikuwa akiufanyia utafiti wa kina mwanzo wa vita hivyo. Wanafunzi walikaa na wazee, wakauliza nani aliileta dawa kijijini, nani alikataa kuinywa, njaa ilianza lini baada ya Wajerumani kuchoma mashamba. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 60, lakini waliwahi. Kama wangesubiri miaka 20 tena, wangekuta makaburi. Mengi tunayoyajua leo juu ya vita vile, nje ya mafaili ya serikali ya Kijerumani, yamepita katika madaftari ya vijana wale.

Sasa hesabu ya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na daraja la Kyaka likabomolewa. Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa mwanzoni mwa Novemba, akasema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mgambo wakaitwa kwa maelfu, magari ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa, wananchi wakachanga ng'ombe na nafaka. Masaka ilitwaliwa Februari 1979, Lukaya ikapiganiwa Machi, Kampala ikaangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Jenerali David Musuguri, aliyeanza uaskari katika King's African Rifles (KAR), jeshi la wakoloni wa Kiingereza, mwaka 1942 na kuiongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Si wote watakaojaliwa umri kama wake.

Vitabu vipo. Baldwin Mzirai aliandika Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980. Henry Muhanika, kwa kufuata njia ya akina Hemedi, akatunga Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada, uliotoka 1981. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari wa Marekani walioufuata msafara wa vita, walitoa chao kwa Kiingereza mwaka 1982. Nawashukuru wote. Lakini jiulize ni lini mara ya mwisho uliviona viwili vya kwanza dukani, au mwanao alikuja navyo kutoka maktaba ya shule.

Mtaani kwetu kuna mzee aliyekuwa dereva wa lori la mizigo. Lori lilipochukuliwa kwa kazi za vita, naye akaenda nalo. Nilipomwamkia na kumwomba anisimulie, aliniambia, "Mwanangu, mimi sikupiga risasi hata moja. Mimi nilipigana na tope." Akaniachia nafasi kwenye mkeka, akaniwekea viganja vyake sakafuni kunionyesha walivyokuwa wakitandaza matawi chini ya matairi wakati wa masika, kwanza la nyuma kulia, kisha wote wanasukuma kwa kuitikiana. Hawakuambiwa wanakwenda wapi. Amri ilikuwa ni kufuata gari la mbele na kutowasha taa. Walilala chini ya lori, na asubuhi wa kwanza kuamka alikagua risasi na mabomu kwa mkono kama yameloa.

Mkewe, ambaye alikuwa anapepeta mchele pembeni, akaingia katika mazungumzo bila kuombwa, na alikuwa na haki yake. Yeye alikumbuka redio ya jirani. Kila jioni wanawake walikusanyika kusikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania, na jina la mji likitajwa kuwa limetwaliwa, hakuna aliyejua mumewe yumo au hayumo. Halafu akakumbuka yaliyokuja baada ya vigelegele: ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyoitangaza Mwalimu, ambayo kwake ilizidi sana miezi 18, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, kanga moja ikigombewa na watu wawili. Kwa mama huyu vita havikuisha Kampala ilipotwaliwa. Mimi naamini historia ya vita isiyokuwa na foleni ile ni nusu ya historia.

Nikamuuliza mzee kama wajukuu wake wanayajua hayo. Akasema hawajauliza.

Siwabezi wakubwa wanaoandika. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipotoa Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu mwaka 2021, na akaitoa kwa Kiswahili, alitutendea hisani ambayo viongozi wengi hawajatutendea. Maofisa wastaafu nao nawaomba kwa heshima zote: andikeni, na andikeni kwa lugha mliyoamrishia. Vita vya Kagera viliamrishwa kwa Kiswahili, vikapiganwa kwa Kiswahili, barua za kutoka mstari wa mbele ziliandikwa kwa Kiswahili. Mjukuu wa koplo asilazimike kujifunza lugha nyingine ili amjue babu yake. Na mnapoandika, msituachie ushindi peke yake. Tuelezeni maamuzi yalivyofikiwa, nani alishauri nini, wapi mlikosea hesabu na nani alilipa kwa kosa lile. Tuelezeni pia raia wa Uganda walitendewaje na askari wetu, mema na mabaya, maana nao wana watoto wanaouliza.

Jambo hilo linawezekana, na jeshi lenyewe limewahi kulionyesha. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku chache baadaye askari wa Uganda na Kenya wakafuata, na serikali tatu zilizotoka kupata uhuru zikalazimika kuwaomba Waingereza wazisaidie. Kwa taifa changa ilikuwa fedheha kubwa. JWTZ ilizaliwa Septemba mwaka uleule, na mwaka 1993 jeshi hilohilo likatoa kitabu juu ya maasi yale. Jeshi linaloweza kuandika juu ya fedheha kama ile haliwezi kushindwa kuandika juu ya tope la Lukaya.

Majirani zetu wa Kenya wametutangulia kwa upande mmoja. Waruhiu Itote, yule Jenerali China, alipigana Burma akiwa koplo wa KAR, akarudi na ujuzi wake akaupeleka msituni kwa wapiganaji wa Mau Mau, kisha akaandika kumbukumbu zake mwenyewe, zikatoka 1967. P. M. Kareithi akaandika riwaya ya Kaburi bila Msalaba, ambayo wengi tuliisoma shuleni. Gakaara wa Wanjau aliandika kwa siri shajara ya kizuizini, akaitoa kitabu kwa Kikuyu mwaka 1983, na mwaka uliofuata akapata Tuzo ya Noma. Mfungwa aliyekuwa akificha karatasi asikamatwe nazo aliandika. Sisi tuna simu zinazorekodi sauti na hatuna wa kumficha.

Kijana, mwanangu, wito huu ni wako kwanza. Mwendee babu, bibi, jirani au mzee wa msikitini au kanisani kwenu aliyepigana, aliyebeba, aliyepika, aliyeuguza au aliyekimbia Kyaka na watoto mgongoni. Mwombe ruhusa ndipo uwashe simu. Usianze na swali la ameua wangapi. Swali hilo ni la utovu wa adabu, na litamfunga mdomo. Muulize alikula nini, aliaga vipi nyumbani, viatu vyake vilikuwaje, mto Kagera waliuvukaje, nani alikuwa rafiki yake na yuko wapi. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, zima simu na urudi siku nyingine. Mwombe akuonyeshe picha, kitambulisho, nishani kama anayo, na uandike nyuma ya nakala ya picha ni nani na nani na ilipigwa wapi. Ukirudi nyumbani andika yote usiku uleule, maneno kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na mahali ulipomhojia. Kisha tengeneza nakala tatu: yako, ya familia yake, na ya shule au maktaba iliyo karibu.

Walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili, somo hili sasa linafundishwa kwa Kiswahili. Sioni kazi ya mradi inayolifaa zaidi ya hii, nanyi mna darasa zima la watafiti. Wachapishaji, rudisheni sokoni Mzirai na Muhanika kwa bei ambayo mwalimu wa kijijini anaimudu. Waandishi wa riwaya, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere imekwisha kufungua mlango kwa kazi za Kiswahili. Nani atatuletea riwaya ya yule dereva, au ya mkewe na redio ya jirani? Na wewe usiye na muda wa kuandika, nunua kitabu kimoja cha historia yetu mwaka huu, ukisome, umpe mwingine.

Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa, mikuki na mashada ya maua yanawekwa mnarani, na ni vyema. Siku hiyo isifike mwaka huu kabla hujakaa na mmoja wao aliye hai. Kama unamjua, mwendee Jumamosi hii.