Daraja la Zanzibar: Tuonyeshwe Hesabu, Siyo Picha

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe pale Kigongo–Busisi, Juni 19, 2025, kuna maneno hayaishi vijiweni, kuanzia Sokon I hadi Kariakoo. Wanasema: kama tumevuka Ziwa Victoria, bahari ya kwenda Unguja itatushinda nini? Serikali nayo ilishalieleza Bunge kwamba wapo Wachina wenye nia ya kujenga daraja la kilomita 50 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Zanzibar. Hapo ndipo walalahoi tunapotakiwa kukaa macho.

Busisi ni kazi ya kusifiwa, na gazeti la upinzani halipungukiwi kitu likisema hivyo. Malori yaliyokuwa yakilala foleni kusubiri kivuko sasa yanapita kwa dakika chache kuelekea Sengerema na Geita. Lakini lile daraja lina kilomita 3, limekula zaidi ya shilingi bilioni 700, na limesimama kwenye maji baridi. Maji ya bahari ni habari nyingine. Chumvi hupenya kwenye zege kidogo kidogo mpaka ifike kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Ndiyo maana daraja la bahari hutaka zege zito zaidi, vyuma vilivyokingwa, na mafundi wa kulikagua kila mwaka hadi wajukuu zetu wazeeke. Hapo hujataja upepo wa kusi, wala bamvua linalopandisha maji mita 4, wala meli zinazoingia bandari ya Dar es Salaam, ambazo lazima ziachiwe njia.

Wachina wenyewe walikutana na tatizo hilo la meli. Daraja lao la Hong Kong, Zhuhai na Macau, lililofunguliwa Oktoba 2018, lina kilomita 55 pamoja na barabara zake za kuunganisha. Penye njia ya meli walishindwa kupandisha minara mirefu kwa sababu uwanja wa ndege uko jirani. Wakajenga visiwa viwili vya kutengeneza, wakapitisha magari chini ya bahari kwa kilomita 6.7. Gharama ilikaribia dola bilioni 20. Kwa shilingi yetu hiyo ni kama trilioni 50, wakati bajeti nzima ya Tanzania ya mwaka 2025/26 ilikuwa trilioni 56.49. Mishahara, dawa, madawati, madeni, vyote humo humo!

Atakayesema letu litakuwa rahisi, tumkubalie. Tuchukue bei ya Busisi, tuzidishe kwa kilomita 50 bila kuongeza hata senti ya chumvi. Tunafika trilioni 11 na ushei. Zitatoka wapi? Zikiwa mkopo, nani atalipa? Zikiwa za mwekezaji, atatoza shilingi ngapi kila gari? Watu wa Kigamboni wanalijua vizuri swali hilo. Daraja lao la mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016, liliwatoza waendesha pikipiki shilingi 600 kila wanapopita, na kelele zikapigwa miaka hadi tozo ikashushwa kuwa 300 mwaka 2022. Huko Hong Kong magari yamekuwa machache kuliko yaliyotarajiwa, kwani gari binafsi halipiti bila kibali maalumu. Sisi nasi kero ya ushuru wa bidhaa zinazotoka Zanzibar imejadiliwa miaka mingi kwenye vikao vya Muungano. Mtu avuke kilomita 50 za bahari, halafu akapekuliwe begi mwisho wa daraja?

Wengine hutaja waliokufa majini, na hilo si jambo la mzaha. Lakini MV Spice Islander I ya Septemba 2011 ilikuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, safari ambayo daraja la Dar es Salaam lisingeigusa. MV Nyerere ilizama Septemba 2018 karibu na Ukara, wakafa watu 228, ikiwa imebeba watu kuliko uwezo wake. Kuzuia meli isijazwe kama daladala hakuhitaji trilioni hata moja.

Na kijana wa Arusha anayevuka Themi na Naura kila siku ana swali lake. Aprili 12, 2024 mafuriko yalisomba gari la shule hapa hapa jijini, watoto wakafa. Palihitajika kivuko cha maana na mtu wa kusema "simama". Siyo daraja la bahari.

Hatusemi lisijengwe. Tunasema upembuzi yakinifu ukikamilika uchapishwe kwa Kiswahili, wote tuusome: gharama, riba, tozo, magari mangapi kwa siku, nani atalipaka rangi mwaka wa 40. Mkataba nao utaje idadi ya vijana wa Kitanzania watakaofundishwa kuchomelea vyuma chini ya maji na kusoma michoro, siyo kubeba kokoto tu. Usainiwe baada ya wabunge kuusoma, na siku hiyo kurasa zake ziwe zimeshafika mezani petu.