NAULI YA NDEGE NA SENTI YA MFANYAKAZI

Watu wetu wengi wanaopanda ndege kwenda nchi za nje hawaendi kustarehe. Mmoja ampeleka mgonjwa India kutibiwa. Mwingine ametumwa mkutanoni na chama chake cha wafanyakazi. Fedha za safari zimechangwa na ndugu au wanachama, shilingi kwa shilingi. Kila shilingi inayolipwa bure kwa tikiti ni dawa isiyonunuliwa. Kwa hiyo kutafuta nauli nafuu si ubahili, ni uaminifu.

Yako mambo ambayo msafiri aweza kuyafanya mwenyewe. Abiria wa ndege moja hawalipi bei moja. Viti hugawanywa mafungu, na kwa kawaida fungu la bei ya chini huisha kwanza. Anayengoja mpaka juma la mwisho huulipia uzembe wake. Bei hupanda pia nyakati za sikukuu na likizo za shule. Basi awezaye kusogeza siku zake na azisogeze. Alinganishe ndege ya moja kwa moja na ile ipitayo Addis Ababa au Ghuba, na aulize kama mzigo umo ndani ya nauli.

Lakini twatoa onyo. Anayeunganisha safari kwa tikiti mbili zilizonunuliwa mbalimbali ajue kuwa, ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili kwa kawaida haina wajibu wa kumpa kiti kingine. Na mwenye tikiti ya kwenda na kurudi asipopanda ndege ya kwenda, mara nyingi hufutiwa na ya kurudi.

Hata hivyo, busara ya mnunuzi ina mpaka wake. Ndani ya tikiti zimo kodi na ada ambazo hakuna ujanja wa kuzikwepa, na njia zenye kampuni chache hazina mashindano. Chanzo ni cha zamani. Huko Chicago, Desemba 1944, mataifa yalikubaliana kuwa kila dola ni bwana wa anga yake. Tangu hapo kampuni zaruka kwa idhini za serikali. Ulaya ilikamilisha kufunguliana anga mwaka 1997, mashindano yakaongezeka. Afrika iliamua hivyo Yamoussoukro mwaka 1999, ikazindua soko moja la usafiri wa anga mwaka 2018. Lakini utekelezaji ungali nyuma sana ya ahadi.

Wako wasemao kuwa ada hujenga viwanja, na anga ikifunguliwa mashirika yetu yatamezwa. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini ndege iendayo na viti vitupu haijengi kiwanja wala shirika. Nchi za ECOWAS zimekwisha kuamua, Desemba 2024, kufuta kodi za usafiri wa anga na kupunguza ada kwa asilimia 25, kuanzia Januari 2026. Sisi wa Afrika Mashariki tuliwahi hata kuwa na shirika moja la ndege, lililoanza mwaka 1946 likafa mwaka 1977. Hatudai lifufuliwe. Twadai serikali zetu zikae pamoja, zipunguze kodi hizo na kufunguliana njia.

Mfanyakazi amejifunza kuhesabu senti zake. Serikali nazo hazina budi kuhesabu miaka tangu zilipoahidi.