Kutafuta kwa Jina na Kutafuta kwa Macho



Baadhi yetu wa pwani hudhani kuwa Kiswahili na Uislamu huishia Mariakani. Aliyewahi kuisikia adhana ya alfajiri katika mitaa ya Majengo, ya Embu na ya Meru, katika baridi ya Mlima Kenya, anajua kuwa sivyo. Juma hili twawapeleka huko, kwa sababu ya jambo dogo lililomfika mama mmoja wa Embu, ambalo tumeona lina mafunzo kwa kila nyumba yenye kompyuta.

Mama huyu ni mweka hazina wa chama cha akiba cha wanawake. Kwa miaka kadhaa aliandika hesabu za wenzake katika kompyuta kuukuu. Njia yake aliijua kwa macho: hubonyeza kitufe cha pembeni chini, orodha ikafunguka, huteremka hadi kundi la kazi za ofisi, hubonyeza picha ya kijani yenye vyumba vyumba. Jina la programu ile hakulijua wala hakulihitaji, kama vile mtu asivyohitaji jina la mtaa ili aifikie nyumba ya dada yake.

Kompyuta ile ilipokufa, mjukuu wake alimletea nyingine iliyo mpya zaidi. Programu ilikuwa ni ile ile, lakini orodha ya makundi haikuwapo tena mbele ya macho. Palikuwa na kisanduku kitupu kikingoja aandike anachokitaka. Mama akaandika "hesabu", asipate kitu. Akampigia simu mjukuu, akaambiwa aandike "calc". Akaandika, na kilichotangulia mbele kikawa ni kikokotoo, kile cha kujumlisha na kutoa, kwani nacho jina lake la Kiingereza huanza kwa herufi hizo hizo. Mama akaona haya kupiga simu mara ya tatu. Kwa wiki mbili akawa anabeba daftari la chama, lenye majina ya wanawake, nambari zao za simu na akiba ya kila mmoja, akaenda kumlipa kijana wa saiba amwandikie. Siri za kina mama zikawa mezani pa mtu baki.

Twasema wazi kuwa mama hakupungukiwa na akili. Alibadilishiwa mlango bila ya kupewa ufunguo wake.

Zipo njia mbili za kukifikia kitu. Ya kwanza ni kutafuta kwa jina, na ya pili ni kutafuta kwa macho, yaani kupekua. Tofauti yake huonekana vyema barabarani kuliko darasani. Kutoka Embu, barabara huzunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi kufika Meru. Njiani utapita vibanda vingi vya biashara vyenye wavu wa chuma mbele. Hapo muuzaji yu ndani na bidhaa zi ndani, nawe uliye nje huna budi kutaja jina: sukari nusu kilo, kiberiti kimoja. Ukilijua jina utahudumiwa mara moja. Usipolijua utabaki kuashiria kwa kidole.

Ukifika Meru, ingia soko la Gakoromone. Humo hulazimiki kutaja kitu. Utapita penye ndizi, ukaona viazi, ukakuta njahi, na njiani ukakumbuka kuwa nyumbani hamna vitunguu. Hukuja kwa ajili ya vitunguu, lakini macho yamekukumbusha. Wazee walisema macho hayana pazia. Walisema pia kuwa usilolijua ni kama usiku wa kiza. Kibanda humfaa ajuaye, na soko humfaa ajuaye na asiyejua.

Miji hii miwili ina mfano mwingine bora zaidi, nao ni maktaba za umma, kwani Embu kuna maktaba na Meru kuna maktaba. Vitabu katika maktaba nyingi hupangwa kwa utaratibu wa Dewey uliotolewa mwaka 1876, ambao humpa kila kitabu nambari kwa maudhui yake. Vitabu vya Uislamu huwekwa chini ya nambari 297. Mwanafunzi anayelijua jina la kitabu ataulizia katalogi, akaelekezwa, akakichukua, akaondoka. Asiyelijua jina atakwenda kwenye rafu ya 297, na hapo, pembeni ya kile alichokikusudia, atakuta vingine ambavyo hakujua kuwa vimeandikwa. Maktaba njema haikumlazimisha mtu achague moja. Imeweka katalogi na ikaacha rafu wazi.

Waliounda kompyuta walilijua hili tangu mapema. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, yenye picha za karatasi, majalada na makabati kwenye kioo, ili karani azitambue kwa kuziona asihitaji kukariri amri. Macintosh ikafuata njia hiyo mwaka 1984. Mwezi wa Agosti 1995, Windows 95 ikaleta kitufe cha pembeni na orodha iliyopangwa, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyojifunzia. Naye Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, katika kanuni zake kumi za mwaka 1994 aliweka hii kuwa mojawapo: mtumiaji asaidiwe kutambua badala ya kulazimishwa kukumbuka.

Kisha programu zikazidi, na orodha zikarefuka hata zikawa msitu. Mwaka 2005 Macintosh ikapata Spotlight, na mwaka 2007 Windows Vista ikaweka kisanduku cha kutafutia ndani ya orodha yenyewe. Mwaka 2011, mfumo wa Ubuntu, ulioasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ukaiacha menyu yake ya zamani iliyopangwa kwa makundi, ukashika sura mpya iliyotanguliza kutafuta. Mwaka 2012 Windows 8 ikakiondoa kabisa kile kitufe cha pembeni. Watumiaji wakalalamika sana, kitufe kikarudi mwaka 2013, na orodha yenyewe ikarudi mwaka 2015 katika Windows 10. Kwa hiyo yaliyomsumbua mama wa Embu yaliwasumbua pia wenye ofisi kubwa za Ulaya na Marekani.

Hatusemi kuwa kutafuta kwa jina ni kubaya. Karani anayefungua programu ile ile mara ishirini kwa siku ataandika herufi tatu akaokoa muda, na muda ni amana. Asiyeona vizuri huenda akaona wepesi zaidi kuandika neno kuliko kuwinda picha ndogo. Tunalolisema ni kwamba kutafuta kwa jina ni malipo ya elimu iliyokwisha kupatikana. Ukimpa mwanafunzi kisanduku kitupu siku ya kwanza, umemdai kabla hujamkopesha.

Na kwa watu wetu deni hilo ni zito maradufu, kwa kuwa majina yenyewe si ya lugha yao. Mama anayezungumza Kiswahili nyumbani, na Kiembu au Kimeru sokoni, hudaiwa jina la Kiingereza, tena kwa tahajia sahihi. Yapo majina ambayo hata Mwingereza hawezi kuyabashiri, kama GIMP, ambayo ni programu ya kushughulikia picha. Ndiyo maana twaikumbuka kwa heri kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Anayepekua kwa lugha yake huona njia. Anayepekua kwa lugha ya kigeni huona picha tu.

Liko na jambo la sitara. Anayepekua orodha ndani ya kompyuta yake hamwambii mtu. Lakini kisanduku cha kutafutia kinaweza kuyapeleka nje maneno unayoyaandika. Mwezi wa Oktoba 2012, Ubuntu ilianza kuchanganya matokeo ya ndani ya kompyuta na bidhaa za duka la Amazon, hata mtu akitafuta faili lake mwenyewe. Richard Stallman, mwasisi wa harakati ya programu huru, alilikemea jambo hilo waziwazi, na tangu toleo la Aprili 2016 halikuwashwa tena ila kwa hiari ya mtumiaji. Windows nayo huchanganya matokeo ya intaneti katika utafutaji wake. Mama anayetafuta barua ya hospitali chumbani mwake hana haja ya kupaza sauti hadi barabarani.

Basi nyumbani tufanyeje? Kwanza, tuifungue orodha kamili ya programu, ambayo katika kompyuta mpya huwa nyuma ya kitufe kidogo, tukae na wazazi na watoto wetu tuipitie kidogo kidogo kila jioni, tukiulizana: hii ni ya kazi gani? Pili, zile zinazotumika tuziweke mbele, na njia zake za mkato kwenye eneokazi tuzibandike majina ya Kiswahili, kwani kompyuta huruhusu. Tatu, mwenye kompyuta kuukuu ajue kuwa mifumo kama Linux Mint bado imehifadhi menyu ya makundi. Nne, tuyazime matokeo ya intaneti katika utafutaji pale mipangilio inaporuhusu. Kisha, macho yakisha kuzoea, tufundishe majina na kuyaandika. Tusisahau kuwa kupekua nako kuna adabu: kilichowekwa mbele ya mtoto ndicho atakachokibonyeza, na mzazi ndiye mpangaji wa rafu hiyo.

La mwisho ni kwenu vijana. Bibi akikuuliza mara ya tatu, usimjibu kwa herufi nne kwenye simu. Tumeamrishwa kuwauliza wenye elimu, na aliyeulizwa naye ana wajibu wake. Haya iliyomfunga mama yule mdomo ndiyo iliyozitoa siri za wenzake nje.

Mjukuu wa mama wa Embu alikuja mwenyewe mwisho wa mwezi. Aliiweka ile picha ya kijani kwenye eneokazi, akaiandika "Hesabu za Chama", kisha akamfungulia bibi yake orodha nzima ili aone ilipotoka. Jirani na ile ya kijani bibi akaiona ya buluu, akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya kuandikia barua. Sasa kumbukumbu za mikutano ya chama huziandika mwenyewe, nalo daftari halitoki nyumbani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atupe subira ya kuwafundisha waliotufundisha sisi kutembea. Wabillahi tawfiq.